Mwaka Niliopima Kasi ya Tusekile

Tulimzika Tusekile Jumatano iliyopita, Kinyala, pembeni ya migomba ya mama yake, mvua ikinyesha kama inavyonyesha kule milimani: bila ngurumo, bila haraka, bila dalili ya kukoma. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, sawa na mimi. Figo zilikuwa zimemsumbua kwa muda ambao sikuujua, kwa sababu sikuwa nimeuliza. Habari ilinifikia kwa ujumbe wa simu nikiwa kazini Dar es Salaam, katikati ya kikao cha kuchagua lugha ya kuandikia mfumo mpya. Mwenzetu mmoja alikuwa ametundika ukutani chati ya kulinganisha kasi za lugha za kompyuta, mistari mirefu na mifupi, naye anasema hakuna haja ya kubishana, jibu hilo hapo. Nikaitazama ile mistari, nikaitazama simu, nikainuka na kutoka nje. Wenzangu walidhani nalia kwa sababu ya msiba, na ni kweli nililia kwa sababu ya msiba. Lakini ipo sababu nyingine, na nimeibeba takriban miaka ishirini bila kumwambia mtu, na aliyestahili kuambiwa sasa yuko chini ya udongo wa Kinyala.

Nitaandika juu ya mwaka mmoja tu. Mambo ya tulikozaliwa na tulikosoma nayaacha, hayahusiki. Mwaka wenyewe tuliuishi katika chumba kimoja Bulyaga, mjini Tukuyu, mimi na Tusekile, wasichana wawili, nyumbani kwa mjane mmoja tuliyemwita Mama Subi. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, meza moja iliyokatwa mguu na kuegemezwa kwenye tofali, na dirisha lililotazama jiko la mwenye nyumba, kiasi kwamba kila alichopika tulikijua na kila tulichosema alikijua. Baridi ya Tukuyu si ya kuhadithiwa. Mwezi wa Juni tulilala tumevaa masweta, migongo imegusana, na aliyeamka kwanza alikuwa na wajibu wa kuwasha mkaa. Mara nyingi alikuwa yeye. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na ndizi mbalaga za kuchemsha, jioni maharage, siku nyingine kande, na parachichi tulikula mpaka tukachoka. Aliniita nkamu, neno la kwetu la kumwita ndugu au rafiki wa karibu, na alilitamka kwa kuvuta, hata akiwa amekasirika. Nikilikumbuka lile neno sasa, nalikumbuka likitoka mdomoni mwake wakati amepiga magoti anapuliza mkaa, macho yamejaa moshi, anacheka kitu nilichokisema ambacho leo sikikumbuki kabisa.

Tulikuwa tumeajiriwa kwa mkataba wa mwaka na chama kimoja cha wakulima wadogo wa chai. Kazi ilikuwa ngumu kuliko ilivyosikika. Chai mbichi ikishachumwa haisubiri. Ikikaa ndani ya magunia inachemka, inageuka nyekundu, na kiwanda kinaikataa. Kila asubuhi makarani wa mabanda ya kukusanyia majani, toka Mpuguso hadi upande wa Nkunga, walituma ujumbe wa simu kueleza kilo zilizofika, na ofisini mtu mmoja alikaa na ramani na kalamu akipanga lori lipi liende wapi kwanza. Alikosea karibu kila siku, maskini, kwa sababu mabanda yalikuwa arobaini na malori manane. Meneja, Bwana Kapinga, mtu wa Songea aliyehamishiwa kwetu, alitaka kompyuta ipange safari hizo. Akatuchukua wawili, akatuambia kila mmoja aandike programu yake, na mwisho wa majaribio chama kitachukua moja na kumbakiza aliyeiandika. Alisema hivyo kwa upole, akidhani anatutia moyo. Tulipotoka ofisini kwake Tusekile alinishika mkono akasema, “Nkamu, atakayebaki atamwandikia mwenzake barua ya sifa ndefu mpaka karatasi iishe.” Tukacheka. Nadhani wote wawili tulikuwa na hofu ile ile, ila yeye aliificha kwa kucheka na mimi niliificha kwa kufanya kazi.

Mimi niliandika kwa C. Ni lugha ya zamani na kali. Programu yake hugeuzwa kwanza yote kuwa lugha ya mashine, na ikishageuzwa inakwenda kama risasi. Tusekile aliandika kwa Python, ambayo ni nyepesi kuandika na nyepesi kusoma, lakini mashine huitekeleza polepole zaidi, kwa sababu kuna mkalimani katikati. Hizo ni tabia za kweli za lugha zote mbili na sizikanushi hata leo. Tofauti nyingine, ambayo ndiyo ilikuwa na maana, ilikuwa ya namna tulivyofanya kazi. Mimi nilijifungia na hesabu. Yeye alipanda malori. Alikwenda mabandani, akakaa na makarani kwenye magunia, akala mahindi ya kuchoma nao, akarudi na matope hadi magotini akiwa na habari ambazo hazikuwa kwenye karatasi yoyote: kwamba upande wa Nkunga karani lazima apande kilima ndipo apate mtandao, kwa hiyo ujumbe wake huchelewa, kwamba lipo banda ambalo mvua ikinyesha daraja lake halipitiki, kwamba karani mmoja huandika kilo kwa tarakimu na mwingine kwa maneno. Yote hayo aliyaingiza katika programu yake. Ujumbe usipofika, yake ilikadiria kwa kutazama siku zilizopita, ikaonyesha kwenye kioo nani apigiwe simu, na ujumbe ukifika ikapanga safari upya. Yangu haikufanya lolote kati ya hayo. Yangu ilisubiri jumbe zote arobaini, kisha ikapiga hesabu.

Wazo la kupima kasi lilitoka kwa Bwana Kapinga. Alikuwa amesoma mtandaoni, akaniita peke yangu. “Atupele,” akasema, “nasikia lugha anayotumia mwenzako ni ya kobe. Hebu zipimeni. Nataka namba, sitaki maelezo.” Nikasema tutapima. Halafu, kwa kuwa Tusekile alikuwa Mpuguso siku hiyo, nikapima mwenyewe. Nataka nieleze nilivyopima, taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi. Niliwasha kompyuta asubuhi, bado ya baridi, nikaanza na programu yake. Data yote ilibidi isomwe toka kwenye diski, na diski zetu zilikuwa nzito. Kisha mara moja nikaendesha yangu, data ile ile ikiwa tayari imo kwenye kumbukumbu ya mashine. Yake ilikuwa rasimu ya kwanza, inaandika kila hatua kwenye kioo ili yeye aone inavyofikiri. Yangu nilikuwa nimeinoa wiki tatu na nilikuwa nimeifunga mdomo. Yake nilipima mara moja. Yangu nilipima mara nne, nikachukua muda mzuri kuliko yote. Na kwa kuwa kwa mabanda arobaini tofauti haikuonekana vizuri, nilitunga wilaya ya uongo yenye maelfu ya mabanda, wilaya ambayo haipo popote duniani, nikazishindanisha humo. Tena njia zenyewe za kupanga safari hazikuwa sawa: yangu iliacha mapema kila njia iliyoonekana mbaya, yake ilizijaribu zote. Kwa hiyo hata sikuwa nimelinganisha lugha mbili. Nilikuwa nimelinganisha wiki tatu za kunoa na rasimu, nikaziita lugha. Sekunde zangu zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Zake zilikuwa dakika nyingi. Nikachora mistari miwili, mfupi na mrefu, nikaichapa.

Je, nilijua? Nimejiuliza swali hilo katika vyumba vingi. Siku ile ile ya kupima, naweza kusema nilijua nusu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na hakuna aliyenifundisha kwamba namba inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikasema uongo. Lakini jioni ya siku ya pili hakuna tena nusu, kwa sababu Tusekile aliniambia. Alirudi toka Mpuguso, nikamwonyesha ile chati, akaitazama huku anachagua maharage kwenye ungo. Hakukasirika. Akauliza, moja baada ya jingine, maswali yale yale ambayo leo nawauliza watu ninaofanya nao kazi. Ulianza na ipi? Ulirudia mara ngapi? Ulizima ile michapo yangu ya kwenye kioo? Mabanda mangapi? Nilimjibu kweli, sikumficha, na kila jibu lilivyotoka nilihisi uso unawaka.

“Nkamu,” akasema, “hapa umeloweka maharage yako tangu jana, ya kwangu umeyatia makavu, halafu unasema jiko lako ndilo linaivisha.”

Nikacheka, kwa sababu alisema kwa kucheka.

“C ni ya kasi, sibishi,” akaendelea. “Lakini asubuhi yetu tunasubiri nini? Tunasubiri yule baba wa Nkunga apande kilima. Lugha gani itampandisha haraka?”

“Ni kweli,” nikasema.

“Kesho kwenye kikao mimi nikisema hivyo wataona natetea tonge langu. Ukisema wewe uliyepima, watasikia. Utawaeleza, eh?”

“Nitawaeleza.”

“Basi nikatie kitunguu.”

Nikamkatia kitunguu. Kupitia dirishani Mama Subi alikuwa anamwambia jirani yake kwamba wapangaji wake hawa wawili hata akigombana na mmoja hana wa kumwunga mkono, wanaishi kama watoto wa tumbo moja. Tulisikia wote, Tusekile akanikonyeza. Ndio mlo wa mwisho tuliokula tukiwa hivyo, na mara nyingine nikila maharage mahali popote nanyamaza, na mume wangu ameshazoea kutouliza.

Kikao kilikuwa na Bwana Kapinga na wajumbe watatu wa kamati, wakulima wa makamo waliovaa makoti yao ya kanisani. Bwana Kapinga alipitisha ile chati mkono kwa mkono. Hakuna kitu rahisi kuelewa kama mstari mrefu na mstari mfupi, mjumbe mmoja aliishika chati kwa mbali, akaishika kwa karibu, akasema, “Hapa hata asiyesoma anaona.” Tusekile akanyoosha mkono, akasimama. Akaeleza kwa heshima, bila kunitazama, kwamba kipimo kile hakikupima kazi ya chama. Kwamba mabanda ni arobaini. Kwamba asubuhi nzima inaliwa na kusubiri jumbe wala si hesabu. Kwamba programu yake inafanya kazi ambazo nyingine haifanyi, na kazi hizo nazo zina muda wake. Alisema vizuri kuliko ninavyoandika hapa. Bwana Kapinga alitabasamu akasema, “Binti, kila anayeshindwa mbio hulaumu uwanja.” Wajumbe wakacheka, si kwa ubaya. Kisha akanigeukia. “Atupele, wewe ndiye uliyepima. Vipimo vina tatizo?”

Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Nje, chini ya mvua, kulikuwa na mwanamke amejifunika jani la mgomba anavuka barabara, na nilimtazama mpaka akavuka. Nilifikiria kile kiti cha kazi. Nilifikiri kwamba nikisema ndiyo, nitaulizwa kwa nini nilileta chati mbovu, na nitaonekana mjinga au mwongo. Nilifikiri kwamba namba zenyewe sikuzibuni, mashine ndiyo ilizitoa. Inashangaza mtu anavyoweza kufikiri mengi ndani ya pumzi moja.

“Hapana, Bwana,” nikasema.

Tusekile akakaa. Alikaa taratibu sana, kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini.

Alifungasha siku ile ile, mchana. Nilimkuta amekunja blanketi lake, ameweka nguo kwenye begi, anafunga godoro lake dogo, lile la sifongo tulilokuwa tunatandika juu ya jingine ili tusisikie vyuma. Nilisimama mlangoni.

“Nkamu, sema kitu,” nikasema. “Nitukane basi.”

Aliendelea kufunga kamba. “Mwenye la kusema alikuwa wewe,” akasema.

Ndivyo tu. Akamuaga Mama Subi kwa shukrani ndefu, ndaga nyingi za Kinyakyusa, akapata pikapu ya ndizi iliyokuwa inapanda Kinyala, akaondoka amekaa juu ya godoro. Jioni nilimsikia Mama Subi jikoni akimwambia jirani, “Aliyeondoka ndiye aliyekuwa anasalimia.” Hakuna adhabu niliyopewa na mtu yeyote mwaka ule iliyonichoma kama hiyo, na mama yule hakujua nasikia. Au alijua.

Masika yakaja, na masika ndio msimu wa chai. Programu yangu ilikaa kwenye kiti chake cha enzi, ikapiga hesabu kwa kufumba na kufumbua, kisha ikakaa. Ilikaa kwa sababu baba wa Nkunga alikuwa bado anapanda kilima. Saa mbili ilikaa, saa tatu ilikaa, malori yamepangwa mstari uani, madereva wanakunywa chai, mimi nimekodolea macho kioo kisichokuwa na kosa lolote. Kisha chama kikaongeza mabanda mapya upande wa Mpuguso, na moja likawa na jina refu kuliko nafasi niliyoitenga. Programu ikaanguka asubuhi, katikati ya kazi. Nikaitengeneza, ikaanguka tena mahali pengine. Siku mbili mfululizo majani ya vijiji viwili yalichemka ndani ya magunia. Nilikwenda kuona mwenyewe, kwa sababu Bwana Kapinga aliniamuru. Wanawake walikuwa wanamwaga kando ya barabara majani waliyochuma tangu alfajiri, yamekuwa mekundu na yanatoa mvuke kama uji, na hakuna aliyenisemesha isipokuwa karani wa banda. “Yule dada mwenzako alikuwa anatupigia,” akasema. “Akiona kimya anatupigia. Wewe unasubiri mashine.” Nilitaka kumwambia kwamba mashine yangu ni ya kasi mno. Namshukuru Mungu nilifunga mdomo.

Msimu ulipopungua, nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Programu ya Tusekile ilikuwa bado imo kwenye kompyuta ya zamani. Nikazihamishia zote mbili kwenye mashine moja. Nikazima na kuwasha kabla ya kila zamu, nikabadilishana ya kwanza na ya pili, nikarudia kila moja mara nyingi, nikaandika muda wote, mzuri na mbaya, sio ule ulionipendeza tu. Nikainyamazisha ile michapo. Nikaweka katika programu zote mbili njia moja ya kupanga safari, na kwa mara ya kwanza nikaisoma kazi yake mstari kwa mstari, na kwenye mstari mmoja alikuwa ameacha maelezo kwa herufi ndogo: huyu karani ni mgonjwa wa miguu, msimharakishe. Nikatumia jumbe halisi za msimu mzima, mabanda halisi, toka ujumbe wa kwanza kuingia hadi lori la kwanza kutoka getini. Matokeo hayakuwa kama kwenye hadithi, na nataka niyaseme kwa haki. Kwenye hesabu tupu C ilibaki mbele, tena mbele sana. Lakini katika asubuhi nzima ya chama, tofauti ile ilikuwa ndogo kuliko muda ambao dereva hutumia kuvaa koti la mvua. Na kwa kuwa yake haikusubiri wote, malori yangetoka mapema karibu kila siku, pamoja na zile siku mbili.

Niliandika kurasa mbili. Nikazisoma, zilikuwa nzuri. Ndiyo kazi safi ya kwanza niliyowahi kufanya maishani. Bwana Kapinga alikuwa amekwisha kunisainia ajira ya kudumu wiki ile. Nikaziweka kwenye droo. Kidogo kidogo nikaiga katika programu yangu kila alichokifanya Tusekile, makadirio, simu, daraja la mvua, na watu wakanisifu kwa kusikiliza wakulima. Mwaka ukaisha. Baadaye nikahamia Dar es Salaam, nikajenga jina, na jina lenyewe, chekeni mkitaka, nililijenga kwa kupima kasi za programu kwa haki. Watu huniita niwasomee chati. Mimi huwaambia waulize mashine gani, data gani, mara ngapi, nani alinoa na nani hakunoa, na je, hicho kinachopimwa ndicho watu wanachosubiri? Huandika kwenye madaftari. Huniuliza nilijifunzia wapi. Mimi husema, kazini.

Nilimwona mara moja tu tena, miaka kama tisa baadaye. Alikuwa amefungua steshenari ndogo Kiwira, mashine ya kopi moja, kompyuta moja, anachapa barua za watu na fomu za shule. Nilisafiri makusudi. Zile kurasa mbili nilikuwa nazo mkobani. Alinitambua kabla sijavuka barabara, akatoka nje na kunikumbatia, akanikalisha kwenye benchi, akaagiza chai na maandazi kwa mama wa jirani. Aliniuliza habari za watoto, akataka picha zao, akasema mkubwa ana paji la uso la mtu mbishi. Watu waliingia na kutoka. Kila mmoja alipotoka nilisema moyoni, sasa. Na kila mmoja alipotoka mwingine aliingia. Mwisho mvua ikapungua, na dereva aliyenileta akapiga honi. Tusekile alinisindikiza hadi kwenye gari. “Karibu tena,” akasema. “Siku nyingine uje na nafasi, nkamu. Leo umekaa kama mtu aliyekaliwa na kitu.” Alinitazama sawasawa machoni, akangoja kidogo. Nina hakika alingoja. Nikasema nitarudi.

Msibani nilifika watu wakiwa wengi uani, wamekaa kwenye mikeka na viti vya kanisa chini ya turubai. Kabla ya kwenda kaburini kaka yake alisoma historia ya marehemu. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma. Kisha akasoma: “Marehemu aliwahi kujaribu kazi ya kompyuta Tukuyu, lakini hakufanikiwa, akarudi nyumbani na baadaye kujiajiri.” Sentensi moja, kati ya ubatizo na ugonjwa. Watu waliinamisha vichwa kama wanavyoinamisha kwa jambo lolote. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu, na hata hapo sikusimama.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuaga. Mama yake alikuwa amekaa ndani, sakafuni kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kanga amejifunga kichwani. Nikapiga magoti nikamsalimu. “Mugonile, mama.” Akaitikia, akanishika kiganja, akanitazama usoni.

“Wewe ndiwe Atupele,” akasema. “Alikuwa anakutaja.”

“Alisemaje, mama?”

“Alisema mlikuwa mnapika pamoja.”

Nikavunjika hapo. Nilipoweza kusema, nilimwambia yote. Sikumtajia lugha wala mashine, ningemchanganya. Nilimwambia kwamba tulishindanishwa, kwamba mimi ndiye niliyepima, kwamba nilipima vibaya kwa faida yangu, kwamba yeye alisimama akasema ukweli mbele ya watu, nami nikaulizwa nikamkana. Nilimwambia kwamba baadaye nilipima tena kwa haki, na kazi ya binti yake ndiyo iliyokuwa bora, na kwamba nilikaa kimya tena kwa sababu nilikuwa nimekwisha pata kiti. Hakunikatiza. Mkono wangu hakuuachia.

“Kwa hiyo hakushindwa,” akasema.

“Hakushindwa, mama.”

Alikaa akitazama mlango. “Aliporudi na lile godoro lake,” akasema, Kiswahili chake kikienda polepole kama mtu anayepita kwenye utelezi, “nilimwambia, afadhali umerudi, kazi hizo ni za wenye vichwa. Aliponunua ile mashine ya kopi nikamwambia tena. Nikamwambia usijidanganye mara ya pili. Hakunibishia. Mwanangu yule alikuwa mbishi, kwa nini hili hakunibishia?”

Jibu nililijua, na nikampa, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa. “Angekubishia, mama, ingembidi anitaje.”

Aliuachia mkono wangu. Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka nikiona ni haki. Badala yake alishika ukuta akainuka, taratibu, akakataa nisimsaidie, akaenda hadi mlangoni. Nje wanawake walikuwa wanaosha masufuria, kaka wa marehemu na wanaume wengine wanakunja turubai. Aliwaita kwa Kinyakyusa, waache walichokuwa wanafanya, waje. Wakaja, wamesimama matopeni, mikono inadondosha maji, wananitazama mimi mgeni wa mjini. Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili ili nisije nikasema sikuelewa.

“Rudia,” akasema. “Na useme kwa sauti.”

Nikasimama mlangoni kwa Tusekile, mbele ya watu wake, nikaanza upya.